Kutoka Pantheon hadi Urbino: kwenye nyayo za waliofufua elimu ya kale

Simulizi hii nimeiunganisha kutoka kwenye daftari langu na picha za simu baada ya kurudi Morogoro. Mimi ni mkutubi wa shule ya sekondari. Niliyeandamana naye ni mdogo wangu, mhandisi wa ujenzi. Mimi nilitaka kuona mahali vilipotunzwa vitabu vya Wagiriki na Warumi vilivyoibuliwa kati ya karne ya 14 na ya 16, enzi iitwayo Renaissance, wakati wasomi, wachoraji na wajenzi wa Italia walipochoshwa na mazoea ya zama za kati wakarudi kujifunza kwa watu wa kale. Yeye alitaka kuba la kanisa kuu la Firenze (Florence), basi. Tukakubaliana kuanzia Roma na kumalizia milimani, Urbino.

Kwa wanaojiandaa: ada ya viza ya Schengen ilikuwa euro 90 kwa mtu mzima, mbali na ada ya kituo kinachopokea maombi. Anza miezi mitatu kabla. Euro moja tuliipigia hesabu ya shilingi 3,000 ili tusichanganyikiwe sokoni.

Alhamisi, Roma

Dar hadi Addis, Addis hadi Roma, usiku mzima angani; hakuna la kusimulia. Treni ya moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege hadi stesheni kuu ya Termini ni euro 14. Basi ni nafuu zaidi, ila linategemea foleni za barabarani. Tuliacha mizigo, tukaenda kwa miguu hadi Pantheon. Kiingilio kilikuwa euro 5.

Hekalu hili lilikamilika enzi ya mfalme Hadriano, mwanzoni mwa karne ya pili. Kuba lake ni la zege, lina upana wa mita 43.3, juu kabisa lina tundu lililo wazi, mvua ikinyesha inaingia. Ndani ya zege hilo hakuna nondo hata moja. Mdogo wangu alisimama katikati shingo ikiwa imeelekea juu mpaka mlinzi akamsogeza. "Dada," akasema, "hawa walichanganya majivu ya volkano. Na kadiri unavyopanda juu walitumia kokoto nyepesi zaidi. Walijua wanachofanya."

Kwa takriban miaka 1,300 hakuna kuba lililolizidi hili kwa upana. Watu walisali chini yake, maana liligeuzwa kanisa mwaka 609, lakini ujuzi wa kujenga la namna hiyo ulikuwa umepotea. Antonio Manetti, aliyeandika maisha ya Brunelleschi, mjenzi wa kuba la Firenze, anasimulia kwamba mwanzoni mwa karne ya 15 Brunelleschi, wakati huo mhunzi wa dhahabu, na rafiki yake mchongaji Donatello walikuja Roma kupima magofu. Walichimba hapa na pale kufuata misingi, na wenyeji wakaamini kuwa ni watu wa kutafuta hazina. Kwangu mimi mwanzo wa jambo lote uko hapo: vijana wawili wenye kamba ya kupimia, wanakagua kitu ambacho kila mtu alikuwa anakipita.

Maji ya kunywa Roma ni bure. Kuna vibomba vya chuma mitaani vinavyotiririka mchana na usiku, beba chupa yako.

Ijumaa, Vatikani

Nunua tiketi ya makumbusho mtandaoni wiki kadhaa kabla. Waliokuja bila tiketi tuliwakuta wamezunguka ukuta, na tulipotoka bado walikuwepo wengi.

Wengi hukimbilia dari la Michelangelo. Sisi tulikaa kwanza kwenye ua ilipo sanamu ya Laokoni na wanawe wakisongwa na nyoka. Ilichimbuliwa Januari 14, 1506 kwenye shamba la mizabibu hapa Roma. Papa Julius wa Pili alimtuma msanifu Giuliano da Sangallo akaangalie, naye akaenda pamoja na Michelangelo. Sangallo alipoinama shimoni tu akatamka kwamba hii ndiyo Laokoni aliyoitaja Plinio, mwandishi wa Kirumi. Hakuwa ameiona kabla, wala hakuna aliyekuwa hai aliyewahi kuiona. Aliitambua kwa sababu alikijua kitabu cha Plinio, kilichoandikwa karne ya kwanza. Kitabu kilitangulia, jiwe likafuata. Nilimwambia mdogo wangu kwamba hiyo ndiyo hoja yangu kwa safari nzima, akacheka akasema tutaona tukifika Firenze.

Katika vyumba vilivyochorwa na Rafaeli kuna ukuta wa wanafalsafa, kazi ya miaka 1509 hadi 1511. Plato ananyoosha kidole juu, Aristotle anatandaza kiganja kuelekea ardhini. Upande wa kushoto, nyuma ya Pythagoras aliyeinamia kitabu, kuna mtu mwenye kilemba cheupe anayechungulia maandishi. Anatambuliwa kuwa ni Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu wa Kordoba. Nilifurahi mno. Maandishi yake ya kumfafanua Aristotle ndiyo yaliyosomwa vyuoni Ulaya kwa karne nyingi, na nyumbani kwa papa Rafaeli hakumwacha nje.

Nje, chini ya ukumbi wa mbele wa kanisa la Mtakatifu Petro, tulikuwa tunabishana njia tuliposikia sauti nyuma: "Munatoka Tanzania?" Alikuwa sista kutoka Bukavu, anasoma Roma. Alituongoza hadi kwenye milango mikubwa ya shaba aliyoimaliza Filarete mwaka 1445, akatuonyesha michongo midogo ambayo tungeipita. Kuna ujumbe wa watawa wa Misri na Ethiopia uliofika 1441 kwenye mtaguso, mkutano mkuu wa Kanisa, uliokuwa ukifanyika Firenze. "Na sisi tulikuwako," alisema. Kisha akatupeleka mahali anaponunua chakula yeye, nyuma ya mtaa wa Borgo. Tambi za nyanya kwa bei ya chini kuliko zote tulizokuta Roma.

Jumamosi na Jumapili, Firenze

Treni ya mwendo kasi inachukua saa moja na nusu, za kawaida karibu saa nne. Ukikata tiketi mapema tofauti ya bei ni ndogo. Ukipanda ya kawaida kwa tiketi ya karatasi, igonge kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, la sivyo faini inakungoja. Tulilala kwenye nyumba ya wageni ya masista, euro 70 chumba cha vitanda viwili. Lango hufungwa saa tano usiku.

Jumapili mchana tuliingia kanisa la Santa Maria Novella. Ukutani upande wa kushoto kuna mchoro wa Utatu Mtakatifu wa Masaccio, wa karibu mwaka 1427. Amechora chumba ambacho hakipo, chenye dari la upinde wa Kirumi, kwa kanuni za vipimo zinazofanya macho yaamini ukuta umetobolewa. Mdogo wangu alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akapata mahali mistari yote inapokutana, akaniita nisimame hapo hapo. Masaccio alifariki mwaka uliofuata, hajafika hata miaka 30.

Nyuma ya altare kuu, katika michoro ya Ghirlandaio kuhusu Mamajusi, tafuta twiga. Yupo kabisa, kwa mbali. Mwaka 1487 sultani wa Misri, Qaitbay, alimpelekea Lorenzo de' Medici, mtawala wa Firenze, twiga hai, mji mzima ukatoka kumtazama. Mlinzi wa zamu aliona tunavyoshangilia, akatuuliza tunatoka wapi. Nilimfungulia picha ya Mikumi kwenye simu. Akawaita wenzake wawili, tukabaki kuongea twiga hadi muda wa kufunga.

Jumatatu, kubani

Makumbusho mengi ya serikali hufungwa Jumatatu, kwa hiyo hii ndiyo siku ya kupanda kuba la kanisa kuu. Ngazi 463, hakuna lifti. Tiketi ina saa yake, nayo ni euro 30. Kama una matatizo ya moyo au hupendi kubanwa, usijaribu; njia ni nyembamba kiasi kwamba wanaoshuka na wanaopanda wanageuza mabega.

Nitaeleza kidogo, maana hapa mdogo wangu aliongea kuliko siku zote. Kanisa lilianza kujengwa 1296. Zaidi ya karne moja baadaye liliishia kuwa na uwazi wa karibu mita 45 juu ya altare, na hakuna aliyejua litafunikwaje. Kuliegemeza kuba kutoka chini kungehitaji msitu wa magogo, na bado yasingefika salama. Brunelleschi alianza 1420 bila kuegemeza kutoka chini. Alijenga maganda mawili, la ndani nene na la nje jembamba, na ngazi tulizopanda zinapita katikati yake. Unapoinama unaona matofali yamepangwa kama mfupa wa samaki: baada ya matofali kadhaa ya kulala kuna moja lililosimama, linawashika wenzake wasiporomoke kabla chokaa haijakauka. Mikanda ya mawe na ya mbao inalizunguka kuba lisitanuke. Matofali ni zaidi ya milioni nne, yakipandishwa kwa winchi aliyoibuni mwenyewe, ikizungushwa na ng'ombe, yenye gia ya kupandisha na kushusha bila kumgeuza mnyama. Mwaka 1436 likafungwa.

"Hakunakili Pantheon," mdogo wangu alisema tukiwa juu kabisa, upepo unatupiga. "Pantheon ni zege, hili ni tofali. Alichojifunza Roma ni kwamba inawezekana."

Nimeliandika neno hilo kama alivyolisema, kwa sababu lilinisahihisha. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba kufufua mambo ya kale ni kuyarudia.

Jioni tulikwenda hospitali ya watoto ya Innocenti, ambayo Brunelleschi huyo huyo aliianza 1419 kwa fedha za chama cha wafanyabiashara wa hariri. Ukumbi wake wa mbele wenye nguzo nyembamba na matao ya duara ni wa kutuliza roho. Kati ya matao kuna vitoto vilivyoviringishwa nepi, kazi ya Andrea della Robbia. Ilikuwa nyumba ya kulelea watoto walioachwa. Wa kwanza, msichana aliyepewa jina la Agata Smeralda, alipokelewa Februari 1445. Ndani kuna droo ndogo, ukivuta unakuta nusu ya medali, ushanga, kipande cha utepe. Mama alibaki na nusu ya pili ili siku moja aje kumtambua mwanawe.

Kuna jambo ambalo vitabu vya sanaa hulipita haraka. Baada ya Tauni Kubwa ya 1348 mji huu uliruhusu kuingiza watumwa, wengi wao wasichana kutoka pande za Bahari Nyeusi, wakafanya kazi katika nyumba za matajiri. Watoto wengi walioletwa hapa walizaliwa na wasichana hao. Wakati wasomi wa Firenze wanaandika juu ya hadhi ya mwanadamu, jikoni mwao kulikuwa na mwanadamu aliyenunuliwa. Sisi tunaotoka nchi yenye Bagamoyo hatuwezi kulisoma hilo na kufungua ukurasa unaofuata. Nilikaa kwenye benchi pale kwa muda mrefu, na naona kila anayesifu enzi hii anapaswa kupitia hapa kwanza.

Jumanne, San Marco

Siku yangu. Konventi ya San Marco ina michoro ya Fra Angelico katika vyumba vya watawa, mmoja mmoja, na ile ya Kupashwa Habari Maria iko juu ya ngazi. Nenda asubuhi mlango unapofunguliwa.

Lakini mimi nilikuwa na haja na chumba kirefu kilicho ghorofa hiyo hiyo: safu mbili za nguzo nyeupe, madirisha pande zote. Ni maktaba ya Michelozzo, iliyokamilika 1444 kwa fedha za Cosimo de' Medici, tajiri wa benki na babu wa Lorenzo. Chanzo chake ni Niccolò Niccoli, mtu aliyemaliza urithi wake kwa kununua na kunakili vitabu. Alifariki 1437 akiacha madeni, na wosia kwamba vitabu vyake visomwe na umma. Cosimo alilipa madeni, vitabu takriban 400 vikaletwa hapa. Vespasiano da Bisticci, muuza vitabu aliyemfahamu, anasema kwamba siku Niccoli alipofariki, vitabu karibu 200 vilikuwa mikononi mwa watu walioviazima. Mkutubi yeyote ataelewa kwa nini niliisoma sentensi hiyo mara mbili.

Rafiki yake alikuwa Poggio Bracciolini, mwandishi wa barua za mapapa, aliyetumia likizo zake kupekua nyumba za watawa. Mwaka 1416 huko St. Gallen, Uswisi, alikuta kazi nzima ya Mrumi Quintiliano kuhusu elimu na ufasaha, imetupwa kwenye chumba kichafu chini ya mnara. Mwaka uliofuata akapata shairi la Mrumi mwingine, Lukresio. Tusiwasahau watawa walionakili vitabu hivyo karne nyingi kabla. Bila wao Poggio angekuta vumbi tu. Na mafunzo ya Kigiriki hayakushika mizizi Firenze mpaka alipoletwa Manuel Chrysoloras kutoka Konstantinopoli mwaka 1397. Giza halikukatika kwa siku moja. Watu wengi walipokezana taa.

Na kingine: Poggio na Niccoli waliacha mwandiko mzito wa zama zao, wakabuni herufi za duara zilizo wazi kwa kuiga nakala za zamani. Wapiga chapa walizichukua hizo. Herufi unazosoma sasa, na zile za mlazo, zimetoka kwenye kalamu za hao wawili.

Kanisani, ubavuni mwa konventi, amezikwa mwanafalsafa Pico della Mirandola. Hotuba yake ya 1486 inaanza kwa kusema amesoma katika maandishi ya Waarabu kwamba Abdallah, Msaraseni (ndivyo Wazungu walivyowaita Waislamu), alipoulizwa ni kitu gani cha kustaajabisha kuliko vyote katika ulimwengu huu, alijibu: mwanadamu.

Chakula cha mchana: tafuta vibanda vya lampredotto. Ni tumbo la nne la ng'ombe, limechemshwa na viungo, linatiwa ndani ya mkate pamoja na pilipili. Nililipa euro 5. Anayependa supu ya utumbo atakuwa nyumbani kabisa. Mkate wa Toscana hauna chumvi, usidhani wamesahau.

Jumatano

Makumbusho ya Bargello asubuhi: Daudi wa shaba wa Donatello, na vibao viwili vya Ibrahimu akimtoa mwanawe sadaka, vya shindano la 1401 la milango ya Batisteri, jengo la ubatizo, cha Ghiberti aliyeshinda na cha Brunelleschi, vimewekwa karibu karibu. Hukumu mwenyewe, mimi nampa Brunelleschi kwa ule mkono wa malaika unaomkamata Ibrahimu. Mchana tulifua nguo.

Alhamisi, Arezzo na Sansepolcro

Treni ya kawaida hadi Arezzo ni saa moja na kidogo. Kwenye kanisa la San Francesco unaingia kwa zamu. Piero della Francesca alichora humo hadithi ya Msalaba, na ukuta wa kulia kuna Malkia wa Sheba, Bilkisi wetu, amepiga magoti darajani na wanawake wake nyuma. Mji huu ndipo alipozaliwa mshairi Petrarka mwaka 1304, yule ambaye mwaka 1345 alikuta barua za Cicero, msemaji wa Roma ya kale, huko Verona, akakaa akazinakili kwa mkono wake.

Basi la Sansepolcro linapita vilima na mashamba ya tumbaku. Mchoro wa Piero wa Ufufuko wa Yesu upo kwenye makumbusho ya mji. Mwaka 1944 ofisa wa mizinga wa Uingereza, Tony Clarke, aliamuru mizinga inyamaze kwa sababu alikumbuka kusoma kwamba mji huo una mchoro mzuri kuliko yote duniani. Wamempa mtaa.

Ijumaa, mgomo

Mpango ulikuwa kurudi, kuzunguka hadi Pesaro kwa treni na kupanda basi la Urbino, mji usio na treni. Asubuhi tukaambiwa kuna mgomo wa usafiri nchi nzima. Jifunzeni neno *sciopero* na angalieni tarehe zake. Mara nyingi huwa Ijumaa, na treni chache za lazima hupita asubuhi na jioni.

Mama mwenye nyumba tuliyolala alipiga simu tatu. Saa nne akafika mzee na mkewe wanaompelekea binti yao vitu chuoni Urbino: madumu ya mafuta ya zeituni, gunia la njugu za msituni, blanketi. Tulibanana nyuma na madumu. Barabara inapanda mlima wa Bocca Trabaria, zaidi ya mita 1,000, kona juu ya kona, majani yamegeuka dhahabu. Mzee aliendesha taratibu na kusimama kila palipo na mandhari ili tupige picha. Hela ya mafuta walikataa kata kata. Walipokea pakiti ya chai ya Mufindi, na mkewe akaomba tumwandikie jinsi ya kuipika na tangawizi.

Jumamosi, Urbino

Federico da Montefeltro, mtawala wa Urbino, alikuwa kamanda wa kukodiwa, akapata fedha nyingi za vita, akajenga kasri la mji huu. Nilikuja kwa ajili ya chumba chake kidogo cha kusomea. Kuta zake chini ni mbao za rangi mbalimbali zilizounganishwa kwa ustadi hadi unaona makabati yaliyo wazi nusu, vitabu vimelala, kinanda, kindi, kizimba cha ndege. Mdogo wangu alitaka kugusa, akajizuia. Juu yake zilipangwa picha za watu mashuhuri 28, Homeri, Plato, Ptolemi, Musa, Dante, bila kubagua dini wala zama. Nusu yake sasa ziko makumbusho ya Louvre, Paris.

Maktaba iko ghorofa ya chini, karibu na mlango, ili wageni wasisumbuke. Ilikuwa na vitabu vya mkono karibu 900. Sasa ni chumba kitupu: mwaka 1657 Papa Alexander wa Saba alivihamishia Vatikani. Niliingia nikatoka, nikaingia tena.

Usiku tulikula *crescia*, chapati ya matabaka yenye mafuta ya nguruwe, kwa hiyo asiyekula aulize kwanza. Kesho yake basi hadi Pesaro, na njia ya kurudi haina jipya.

Gharama yetu kubwa baada ya ndege ilikuwa vitanda, kisha tiketi za makumbusho. Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali ni bure, ila foleni zake ni ndefu.

Na kwa msiosafiri karibuni: Maktaba ya Vatikani imeviweka vitabu vingi vya Federico mtandaoni, picha za kurasa zote, bila malipo. Kwenye tovuti ya maktaba hiyo tafuta Urb.lat.365. Ni nakala yake ya shairi la Dante kuhusu safari ya Jehanamu, Toharani na Peponi, yenye michoro ya rangi. Intaneti ya shuleni kwetu ni ya kusuasua, lakini kidato cha tatu tayari wamefika Jehanamu na wanaulizia Toharani.